Dakika 25 za Malaba

Waliotengeneza programu za simu za kupimia muda wa kazi hawajawahi kukaa Malaba. Mwandishi wa safu hii ana hakika na hilo, maana programu hizo amezipakua, akazifuta, akazipakua tena kwa bando la usiku, na zote ameona zinaamini jambo moja: kwamba adui wa kazi ya mtu ni mtu mwenyewe. Eti ukishaacha kuchungulia Facebook, ukabonyeza kile kitufe chekundu, basi dunia nayo itanyamaza dakika ishirini na tano ikungoje umalize.

Dunia ya Malaba hainyamazi. Mpaka unafanya kazi usiku na mchana. Malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo hupita hapa au Busia, mwendo wa kilomita kama 30 kusini, na reli ya zamani nayo inavukia hapa hapa kuelekea Tororo. Makanga wa matatu za Busia wanaita abiria wa Adungosi na Alupe. Vijana wa kubadilisha pesa wanazunguka na mabunda ya shilingi za nchi mbili. Boda boda, ambazo miji hii miwili ndiyo iliyozilea tangu zikiwa baiskeli, hutumia honi mahali pa breki.

Katikati ya kelele hizo kuna chumba chenye dirisha la kaunta linalotazama yadi ya malori. Ndani yake mna kompyuta, printa yenye hasira za karibu, na mwandishi wa safu hii, ambaye mchana hula kwa jasho la ukarani wa wakala wa forodha.

Kazi yenyewe kwa jina la hapa ni kupiga entri. Mzigo ukija kutoka Uganda, karani anakusanya ankara, cheti cha asili, namba ya lori na jina la dereva, kisha anavijaza kwenye mfumo. Kila bidhaa ina msimbo wa tarakimu nane katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki, na tangu Julai 2022 ushuru huo una ngazi nne kuu: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa iliyozaliwa Uganda, ikiwa na cheti chake, haitozwi. Iliyotoka mbali ikapita Uganda kusalimia tu, hutozwa. Tarakimu moja ikiteleza, mwenye mzigo anaweza kulipishwa asilimia 35 kwa kitu kilichostahili 10, na hapo ndipo karani hugundua kwamba mtu aliyekuwa akimwita "mkubwa" asubuhi ana majina mengine mengi ya kumwita jioni.

Ni kazi inayotaka utulivu wa fundi saa. Ndiyo maana mwandishi huyu akatafuta programu ya kumtuliza.

Mbinu ya dakika 25 inayofuatwa na programu hizo ilianzia Italia. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi wa chuo kikuu aitwaye Francesco Cirillo aliona masomo hayaingii kichwani, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujiwekea dau: je, anaweza kusoma kwa dhati dakika 10 tu? Baadaye akatulia kwenye dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, na kila baada ya vipindi vinne mapumziko marefu ya dakika 15 hadi 30. Kanuni yake ilikuwa kali: kipindi hakigawanyiki. Ukikatizwa ukaacha kazi, kipindi hicho hakihesabiwi, anza upya.

Nyanya ya Cirillo ilikuwa na bahati ya kukaa mezani. Nyanya za Busia huvuka mpaka zikiwa kwenye kreti, juu ya kichwa, nyuma ya baiskeli au kwenye toroli, na mwenye nazo hana dakika 25 za kumpa mtu yeyote. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, kilichofunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kilijengwa ili msafiri asimame mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, badala ya kupanga foleni mbili kueleza jambo lile lile. Mchuuzi ambaye mzigo wake hauzidi dola 2,000, na bidhaa yake imo kwenye orodha iliyokubaliwa, anatumia cheti rahisi cha asili. Yote hayo yamefanywa ili nyanya zisikawie. Ukimwambia mama mwenye kreti tatu kwamba karani yuko ndani ya kipindi cha nyanya, utaeleza mpaka jua lizame, na nyanya zake zitakuwa zimeshaanza kutoa maji.

Basi mwandishi akaanza na kilicho rahisi zaidi: ukurasa wa intaneti. Hakuna kupakua, hakuna kujisajili, unafungua tu na namba kubwa zinaanza kurudi nyuma. Ubaya ni kwamba vivinjari vya sasa, ili kuokoa betri, hupunguza kasi ya kurasa ambazo hazionekani mbele. Na karani wa forodha hakai kwenye ukurasa wa saa. Anakaa kwenye ukurasa wa entri. Saa ikaenda kusinzia huko nyuma. Namba zilizokuwa zikishuka sekunde kwa sekunde zikawa zinaruka kwa mafungu, na kengele ya mapumziko ikalia wakati mwandishi amekwisha kupumzika, amekunywa chai, na yuko katikati ya hesabu ya uzito wa mbao.

Akahamia kwenye programu ya simu, na katika hizo hakuna yenye sifa kuliko Forest, iliyotoka 2014 kutoka Taiwan. Ukianza kazi unapanda mche kwenye kioo cha simu. Ukitulia, unakuwa mti. Ukitoka kwenda kuchungulia kwingine, mti unakauka mbele ya macho yako na mzoga wake unabaki shambani uuone. Mwenye kujitahidi hukusanya sarafu za humo ndani, na sarafu hizo zinaweza kugeuzwa miti ya kweli inayopandwa na shirika la Trees for the Future, ambalo hufanya kazi na wakulima wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Kwa mtu wa kaunti ya Busia, wazo la kupiga entri Malaba na mti ukaota kwenye shamba la mtu lilikuwa tamu.

Lakini kuna jambo ambalo mche haukuambiwa. Kwa karani wa mpakani, simu ndiyo ofisi. Tangu utaratibu wa eneo moja la forodha uanze mwaka 2014, kodi ya mzigo wa Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini Mombasa, na karatasi husafiri haraka kuliko lori. Husafiri kwa WhatsApp. Ankara inapigwa picha Kampala, inapita kwa mtu wa Mombasa, inashukia Malaba ikiwa imepinda, nusu yake kivuli cha kidole gumba. Nambari ya siri ya kuingilia mfumo nayo huja kwa ujumbe wa simu. Kumwambia karani aiache simu pembeni ili afanye kazi ni kumwambia mvuvi wa Port Victoria aliache ziwa nyumbani.

Kwa hiyo mti wa kwanza ulikufa kwa ankara. Wa pili ulikufa kwa dereva aliyetuma picha ya namba ya kontena, akaifuta, akaituma tena. Programu ina huruma kidogo: unaweza kuipa orodha ya programu zinazoruhusiwa, ukazifungua bila kuua kitu. Mwandishi akairuhusu WhatsApp. Kisha akaruhusu ujumbe mfupi, kwa ajili ya nambari za siri. Kikokotoo, maana shilingi ya Uganda haigeuzwi kwa kichwa. Kamera, kwa stakabadhi. M-Pesa, kwa sababu mtu akikulipa huwezi kumwambia mti unakua. Mwishowe ikabaki programu ya tochi peke yake nje ya orodha, na msitu ukastawi vizuri sana, miti mirefu yenye afya, huku entri ya mbao ikiwa imesimama pale pale kwenye kisanduku cha uzito.

Bila shaka wataalamu wana maelezo. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwafuatilia wafanyakazi wa ofisini akiwa na saa mkononi, aligundua kwamba mtu akikatizwa huchukua wastani wa dakika 23 na sekunde 15 kabla ya kuirudia kazi aliyoiacha. Mwaka 2004 aliona watu wanakaa kwenye kioo kimoja dakika mbili na nusu hivi kabla ya kuhamia kingine. Katika kitabu chake cha 2023 muda huo umeshuka hadi sekunde 47. Mwandishi alipiga hesabu ya Malaba kwa kutumia takwimu ya kwanza. Dirisha la kaunta hugongwa mara nyingi ndani ya robo saa. Kwa hesabu hiyo, entri aliyoianza wakati wa Pasaka bado hajairudia, na anayeonekana akiijaza ni mtu mwingine.

Kampuni moja ya Latvia, yenye programu ya kupima muda iitwayo DeskTime, ilitangaza mwaka 2014 kwamba watumiaji wake hodari zaidi walikuwa wakifanya kazi dakika 52 na kupumzika 17. Ilipotazama tena mwaka 2021, hodari hao walikuwa wakifanya dakika 112 na kupumzika 26. Msomaji ataona kwamba huko Latvia hakuna taniboi wa kugonga dirisha akiuliza choo kiko wapi.

Likaja suala la simu yenyewe. Simu nyingi za bei ya kadiri huja na msimamizi wa betri asiye na simile: programu isiyotazamwa kwa muda anaizima bila kuiuliza ina kazi gani. Kipima-muda, kwa tabia yake, ni kitu ambacho hakitazamwi. Kinahesabu peke yake mfukoni, kinaonekana hakina faida, kinakatwa. Mwandishi alipata kufanya kipindi kirefu sana cha kazi, cha kuvutia kabisa, akijisifu moyoni kwamba sasa ameiva, kumbe saa ilishauawa dakika ya nne na aliyekuwa akimsubirisha nje ni dereva wa maziwa. Dawa yake ipo. Ukiingia kwenye mipangilio ya betri unaweza kuiambia simu programu fulani isiguswe. Tena kuanzia Android 14, iliyotoka 2023, programu nyingi mpya lazima ziombe ruhusa ya kulia kwa dakika kamili, na asiyetoa ruhusa hiyo asishangae kengele ikija kwa wakati wake yenyewe.

Kuna na mnara. Mtu akikaa Malaba, simu yake huwa na uraia wa kuyumba. Ukisogea kwenye dirisha iko Kenya, ukirudi kwenye printa imeshavuka. Mpango wa mtandao mmoja wa Afrika Mashariki ulioanza 2014 ulipunguza gharama za kupiga na kupokea simu kati ya nchi hizi, lakini haukuzuia ujumbe wa makaribisho. Ukiwa katikati ya tarakimu ya sita ya msimbo wa mbao, simu inatetemeka: karibu Uganda. Unarudi kwenye tarakimu, inatetemeka tena: karibu nyumbani Kenya. Mwandishi amekaribishwa katika nchi hizi mbili mara nyingi kuliko mabalozi wao wote, na hajainuka kwenye kiti. Shukrani ni kwamba Kenya na Uganda zinatumia saa moja, saa tatu mbele ya ile ya Greenwich, la sivyo kengele ya mapumziko ingelia kabla ya kazi kuanza.

Programu za bure zina hila yao nyingine, ambayo ni tangazo. Kipindi kikiisha, badala ya kengele ya upole, kioo kizima kinajaa mtu anayerukaruka akishangilia kushinda kwenye kamari. Sauti iko juu. Kwenye kaunta wamesimama madereva wawili na mwenye mzigo, mzee wa heshima zake aliyetoka Mbale na tasbihi mkononi. Mzee hakusema neno. Alitazama simu, akamtazama karani, akazivuta karatasi zake taratibu kwenye kaunta na kuanza kuzihesabu upya.

Baada ya hapo mwandishi aliachana na simu. Jumamosi moja akiwa Busia, alivuka kwa miguu hadi vibanda vya Sofia, upande wa Uganda, akarudi na saa ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono: ya plastiki nyekundu, umbo la kuku aliyeketi. Haina betri, haina bando, haina mnara. Unaizungusha shingo mpaka namba unayotaka, inatikatika, kisha inalia. Kwenye kituo cha mpaka, begi likawekwa mezani. Kuku alikuwa amejizungusha humo ndani kwa msukosuko wa njiani.

"Mzee, kuna nini humu kinatikatika?"

"Saa ya jikoni, afande."

"Ya kuuza?"

"Hapana, ya kazini. Inapima umakini."

"Wa nani?"

"Wangu."

Afisa alimtoa kuku, akamgeuza chini juu, akamweka juu ya meza. Wakati huo huo kuku akalia, mlio mrefu wa chuma uliogeuza vichwa vya foleni nzima. Afisa akasubiri mpaka umalizike. "Na hapo," akauliza kwa upole, "umakini umeisha au ndio unaanza?"

Ofisini kuku alisimamisha kazi kabla hajaanzisha. Makarani ni makarani: swali la kwanza halikuwa anafanya nini, lilikuwa angeingia nchini kwa msimbo gani. Mmoja alisema ni saa, kwa hiyo 9105, pamoja na saa nyingine za mezani na ukutani. Mwingine akasema saa inakuambia ni saa ngapi na huyu hajui ni saa ngapi, anajua zimebaki ngapi tu, kwa hiyo ni 9106, vifaa vya kupimia vipindi vya muda vyenye mtambo wa saa. Wa tatu, anayependa chokochoko, akataka aandikwe mwanasesere. Kitabu cha ushuru kilifunguliwa. Sauti zikapanda. 9106 ilishinda, na kuku, aliyekuwa amezungushwa dakika 25 ili kuonyesha anavyofanya kazi, akalia wakati hakuna aliyegusa kompyuta.

Lakini alipowekwa kwenye kaunta, upande wa wateja, likatokea jambo ambalo hakuna programu iliyowahi kulifanya. Watu walimwona.

Programu ya simu inamwambia mtu mmoja tu kwamba kuna kipindi cha kazi, na mtu huyo ndiye pekee ambaye tayari alikuwa anajua. Dereva hajui. Taniboi hajui. Mama wa nyanya hajui. Kwao wote karani ni mtu aliyekaa, anatazama kioo, na mtu aliyekaa hana shughuli. Kuku mwekundu anayetikatika mbele ya pua zao ni habari nyingine. Wa kwanza kufika alimkodolea macho, akauliza, akajibiwa kwamba kuku akilia atahudumiwa. Akaegemea dirisha. Wa pili alipokuja, wa kwanza ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya mtu aliyeajiriwa hapo: "Ngoja kuku."

Cirillo mwenyewe hili alilijua. Katika mbinu yake kuna sehemu nzima kuhusu watu wanaokatiza, na ushauri wake ni wa adabu kabisa: mjulishe mtu kwamba uko kazini, elewaneni utamhudumia saa ngapi, kisha umrudie kweli kama mlivyoahidiana. Waliogeuza mbinu hiyo kuwa programu walichukua kengele na rangi nyekundu, sehemu ya watu wakaiacha Italia. Pengine waliona haina faida kwa mtu anayefanya kazi chumbani peke yake na vipokea sauti masikioni.

Isije ikadhaniwa kwamba Malaba ilimtii kuku. Malaba hujadiliana. Dereva mmoja wa Uganda, mpole, aliinama akasoma namba.

"Ssebo, huyu amebakisha ngapi?"

"Tisa."

"Weka tano. Mzigo wangu ni wa maziwa."

Mwenye maziwa akapewa tano, maana maziwa ni maziwa. Nyuma yake alikuwapo mwenye mayai, naye akasema mayai ni ndugu wa maziwa. Mwenye mbao alipodai haki yake, wenzake walimzomea kwamba mbao hazichachi. Taniboi mmoja mwenye vidole vyepesi alingoja karani ainame kwenye printa, akaizungusha shingo ya kuku mpaka sifuri, kengele ikalia, naye akasogea mbele na uso wa malaika. Ikabidi kuku ahamishwe ndani ya kioo cha kaunta, mahali anapoonekana lakini hafikiwi.

Dakika 25 nazo hazikudumu. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mwanafunzi na vitabu vyake. Mwandishi alishuka hadi 15, na siku zikichafuka, 10. Na Malaba siku huchafuka kwa kishindo. Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti mapya ya usajili na vyeti. Januari 2022 madereva waligomea vipimo vya korona vya kulipia, foleni ya malori ikanyooka makumi ya kilomita kuingia ndani ya Kenya. Katika siku za namna hiyo hakuna anayeuliza kuku amebakisha ngapi. Wanaulizana nani ana namba ya mtu wa Nairobi.

Kwa msomaji ambaye dirisha lake halitazami yadi ya malori, na anataka kubaki na simu yake, mambo ya kutazama ni machache na hayahusiani na uzuri wa picha. Kwanza izime intaneti, uianzishe programu, uone kama itahesabu, ikigoma, ifute. Kisha weka dakika tatu, zima kioo, tia simu mfukoni, usikilize kama italia. Jaribio hilo moja huangusha nyingi, na afadhali zianguke nyumbani. Tazama kama unaweza kusimamisha kipindi bila kuadhibiwa, na kubadilisha urefu wake bila kulipia. Programu isiyokubali dakika 12 haijui maisha yako. Matangazo ya sauti yatakuaibisha siku moja, ni suala la mteja gani tu atakuwa amesimama hapo. Pengine hata huhitaji kupakua kitu: simu nyingi za Android zina hali ya umakini tangu 2019, inayonyamazisha programu unazozichagua, iPhone zilipata yao mwaka 2021, nayo inakuwezesha kuruhusu watu fulani tu wakupigie, na saa iliyomo ndani ya Windows 11 ina vipindi vya kazi vilivyokwisha kupangwa.

Kuhusu kukitumia kipima-muda safarini kati ya Busia na Malaba, mwandishi hana ushauri. Matatu haiondoki kwa dakika, huondoka ikijaa.

Kuku angali kazini, ila si muda wote. Nje ya yadi kuna mama anayewauzia madereva mayai ya kuchemsha, na kwa muda mrefu alikuwa akiyapima kwa jicho, jambo lililoleta malalamiko kutoka kwa wanaopenda kiini kigumu na wanaopenda kiini laini kwa pamoja. Alisimama dirishani siku moja, akasikiliza maelezo yote kuhusu umakini, vipindi na mapumziko, akiwa amefunga mikono kifuani.

"Mwanangu," akasema, "hii si saa ya kuchemshia mayai?"

Alikuwa sahihi, na kwa heshima ya umri wake akaazimwa. Tangu hapo kuku huenda kwake sufuria inapobandikwa na kurudi inapoepuliwa, na vipindi vya kazi ofisini hupangwa kwenye nafasi zinazobaki. Mteja akiuliza entri yake itatoka lini, anaelekezwa akamuulize mama wa mayai.